Wanaochunguza Makamasi ya Kuku

Kuku wa uani Majengo, Nairobi, akivimba uso na kutoa makamasi yanayonuka, mfugaji hukimbilia agroveti: antibayotiki kwenye maji, basi. Huwezi kumlaumu, kundi likiugua, kila siku ni hasara. Lakini mafua ya kuku yana vyanzo vingi vinavyofanana kwa macho, na wanaovitenganisha ni mafundi wa maabara za mifugo, kama zile za Kabete, ambao mla kuku wa soko la Burma hawajui kabisa. Ngozi chini ya jicho la kuku aliyechinjwa huchomwa kwa chuma cha moto ili vijidudu vya nje visichafue sampuli, kisha uwazi uliovimba hukatwa kwa mkasi safi na kijiti cha pamba huingizwa ndani kabisa. Avibacterium paragallinarum, mmoja wa bakteria wanaoleta mafua haya, hainawiri peke yake kwenye agari ya damu. Fundi huichorea mstari wa bakteria mwingine, Staphylococcus, wa kuilisha, huifungia mtungini pamoja na mshumaa unaowaka, na kesho yake hutafuta vidoa vidogo kama umande kando ya mstari ule. Mycoplasma gallisepticum, bakteria mwingine wa mafua haya, hudai siku nyingi zaidi, pengine wiki.

Wapo wanaosema majibu huja kuku ameshakufa. Ni kweli, kwa kuku yule. Waliobaki bado wanayahitaji: Mycoplasma haina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haina cha kushambulia, na ikiwa ni ugonjwa wa Newcastle, chanzo chake ni kirusi, hakuna antibayotiki itakayokigusa. Dawa ya kubahatisha huacha mabaki kwenye mayai na bakteria sugu bandani, na mayai hayo huliwa Majengo hapo hapo.