Shabaha za Shahada ya Kiingereza na Fasihi: Waraka wa 1968 na Warithi Wake

Hapana idara ya chuo kikuu inayofundisha bila shabaha. Pale ambapo shabaha hazikuandikwa, huwa zimejificha katika silabasi, katika orodha ya vitabu vya lazima na, zaidi ya yote, katika karatasi za mtihani. Idara ya Kiingereza iliyokuwako Nairobi katika miaka ya 1960, chuo hicho kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilifuata kielelezo cha London, na shabaha yake kuu haikuhitaji kutajwa: mwanachuo aufuate mkondo mmoja wa fasihi, yaani ule wa Waingereza, hadi karne ya ishirini, na autumie kupimia maandishi mengine yote. Ilichukuliwa kwamba jambo hili linajieleza lenyewe. Kwa hiyo wanaodai leo kwamba uandishi wa shabaha za mafunzo ni urasimu mtupu, na wahadhiri wenye dai hilo si wachache, wanasahau jambo moja: shabaha isiyoandikwa ni vigumu kuipinga.

Ilipoandikwa, ilipingwa. Tarehe 20 Septemba 1968 Kaimu Mkuu wa Idara hiyo, James Stewart, alipeleka mbele ya Bodi ya Kitivo cha Sanaa maoni yake juu ya maendeleo ya kitivo, na maoni hayo yaliiacha Idara ya Kiingereza pale pale ilipokuwa, katikati. Tarehe 24 Oktoba Henry Owuor-Anyumba, Taban Lo Liyong na James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o, walijibu kwa waraka mfupi wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Waraka huo umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha siasa, na siasa kweli imo. Lakini ukisomwa kwa makini ni waraka wa shabaha za shahada. Waandishi wake hawakusema tu vitabu gani vitoke na vipi viingie. Walisema somo la fasihi ni la nini, nalo ni kuangaza roho inayoihuisha jamii na namna jamii hiyo inavyokabiliana na mambo mapya. Mpango mzima ulifuata kutoka hapo: fasihi-simulizi kuwa mzizi wa kwanza, fasihi ya Kiswahili pamoja na ya Kiarabu na ya Kiasia kuwa mzizi mwingine, fasihi ya Ulaya mzizi wa tatu, na pamoja na hayo fasihi mpya ya Kiafrika. Afrika iwe katikati, mengine yatazamwe kutoka hapo.

Sharti moja la waraka huo hutajwa kwa nadra. Ulitaka ujuzi wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa uwe wa lazima. Jina la idara lilibadilika, likawa Idara ya Fasihi. Vitabu vya Waafrika vikaingia. Fasihi-simulizi ikapata nafasi yake na wanachuo wakatumwa nyanjani. Lugha ya kufundishia na ya kutahini ikabaki Kiingereza. Fasihi ya Kiswahili ikawa kazi ya idara ya isimu na lugha, kana kwamba si fasihi bali ni lugha tu. Mzizi ukahamishiwa shamba la jirani. Ngũgĩ mwenyewe, alipolirudia suala la lugha katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, alikumbusha kwamba mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere 1962 ulikuwa wa wale walioandika kwa Kiingereza tu: yeye, mwanachuo mwenye hadithi fupi chache, alistahili kuingia, na Shaaban Robert hakustahili. Kasoro hiyo ya Makerere ilisafiri hadi ndani ya idara ile iliyofanywa upya.

Athari yake huonekana wazi zaidi katika kazi ya nyanjani. Mwanachuo huenda kwa nyanya yake, au kwa mtambaji mwingine, akarekodi ngano katika lugha ya mama, akaiandika, akaitafsiri kwa Kiingereza, kisha akaichambua ile tafsiri. Alama hutolewa kwa uchambuzi. Tafsiri, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, aghalabu haitajwi katika shabaha za kozi. Hufanywa kama vile mtu afuavyo nguo kabla ya safari. Chukua mwanzo wa ngano ya Kiswahili. Mtambaji husema "Paukwa", hadhira hujibu "Pakawa". Huo si mlango wa hadithi tu, bali ni mapatano: hadhira imekubali kusikiliza na imempa mtambaji ruhusa ya kutunga. Tafsiri iliyozoeleka huweka badala yake kianzio cha hadithi za watoto wa Kiingereza, ambacho msimulizi hukisema peke yake wala hangoji jibu. Katika hatua hiyo moja hadhira imefutwa. Mwanachuo akiulizwa baadaye aeleze nafasi ya hadhira katika fasihi-simulizi, atajibu kwa nadharia aliyoisoma kitabuni, kwa maana katika maandishi aliyonayo hadhira haimo.

Hali ni hiyo hiyo kwa Okot p'Bitek. Wimbo wa Lawino ulitungwa kwanza kwa Kiacholi. Tafsiri ya Kiingereza, aliyoifanya mtunzi mwenyewe, ilichapishwa 1966, na maandishi ya Kiacholi 1969. Kozi inayoifundisha tafsiri hiyo bila hata kumwonyesha mwanachuo ukurasa mmoja wa asili imekwisha kuamua shabaha yake, ingawa haikuiandika popote.

Shabaha za siku hizi zina nasaba nyingine. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilipoiweka Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, idara za Kenya zimetakiwa kuandika kila shahada itamwezesha mwanachuo kufanya nini. Mtindo wa kuziandika ulitoka mbali: kwa Benjamin Bloom na wenzake, walioainisha shabaha za elimu mwaka 1956, na kwa Robert Mager, ambaye mwaka 1962 aliwaonya walimu waepuke vitenzi kama "kujua" na "kuelewa" kwa kuwa matendo yake hayaonekani. Faida ya utaratibu huu isidharauliwe, kwani mwanachuo ana haki ya kuambiwa atatahiniwa katika nini. Vitenzi "kutambua", "kuchambua" na "kutathmini" havina kosa lolote. Kosa ni kwamba waandishi wa shabaha hukiangalia kitenzi wakaisahau yambwa. Anayeandika kwamba mwanachuo ataweza kuchambua matini za fasihi kwa kutumia nadharia mbalimbali ameandika sentensi inayoweza kubandikwa katika mlango wa idara yoyote, Nairobi, Leeds au Delhi, isibadilishwe hata nukta. Matini zipi? Katika lugha ipi? Waraka wa 1968 uliyajibu maswali hayo mawili bila kujua habari za vitenzi vya Mager.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuyasahau kabisa. Shirika lao la kuangalia ubora wa elimu ya juu lilitoa mwaka 2000 tamko la viwango vya shahada ya Kiingereza, likalirekebisha mwaka 2007 na tena baadaye. Tamko hilo halikuorodhesha vitabu vya lazima. Hata hivyo, katika matoleo hayo mawili ya mwanzo lilidai kwamba anayesomea fasihi peke yake awe na ujuzi wa maandishi ya kabla ya 1800. Dai ni dogo, lakini lina yambwa. Likiletwa Nairobi kama lilivyo, litamrudisha mwanachuo kwa Milton. Likiulizwa upya kwa mintarafu ya Afrika ya Mashariki, litampeleka Pate, ambako Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728. Utenzi huo hausomeki bila Kiswahili, na hasa bila kuzizoea lahaja za kaskazini. Na mwenye kutaka kuukabili katika miswada hana budi kuzijua hati za Kiarabu. Masharti ya lugha hayo hayakuongezwa na mtetezi wa Kiswahili. Yamezaliwa na shabaha yenyewe.

Upande wa lugha ya Kiingereza hauhitaji maneno mengi. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, lugha na fasihi ya Kiingereza ziliunganishwa katika shule za sekondari kuwa somo moja. Mwalimu alitakiwa kuyafundisha yote mawili, ilhali chuoni aliyasoma kama mambo mawili yasiyojuana: huku fonimu na virai, huku maudhui na wahusika. Jinsi kirai kinavyoyajenga maudhui aliachiwa ajigundulie mwenyewe darasani, isipokuwa pale ilipokuwapo kozi ya elimu-mitindo.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kila shahada ya Kiingereza au ya Fasihi katika vyuo vya Kenya iwe na shabaha ya kwamba mwanachuo ataweza kusoma, kutafsiri na kuhakiki kazi moja ndefu iliyotungwa kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya Kiafrika, maandishi ya asili yakiwa mbele yake, na tafsiri ipewe alama zake pekee. Kikwazo hakitakuwa wanachuo, kwa kuwa waliopitia 8-4-4 wote walitahiniwa fasihi ya Kiswahili kwa lazima hadi kidato cha nne. Kikwazo ni wasahihishaji. Karatasi ya namna hiyo ingezilazimu idara mbili kuisahihisha pamoja, kutafuta mtahini wa nje anayezijua lugha zote mbili, na kukubaliana saa za mihadhara zihesabiwe kwa idara gani, jambo ambalo wakuu wa idara hulikwepa kuliko mjadala wowote wa nadharia.