Unyororo na Mkwaruzo: Msamiati wa Sauti katika Uhakiki wa Taarab

Uhakiki wa taarab umejikita katika maneno: mafumbo, vina na mizani. Sauti inayoyabeba hupewa sifa moja, "nyororo", kisha mhakiki hurejea kwenye beti. Istilahi zilizopo hazimfikishi mbali. Mahadhi ni ya wimbo, si ya koo. Istilahi za kwaya, yaani sauti ya kwanza hadi ya nne, hupanga sauti kwa ujuu na uchini wake tu. Umbile lake haziligusi.

Pengo hili hudhihirika zaidi kwa Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo. Lugha ya kila siku ingesema amepwewa na sauti, hali ambayo ni ya ugonjwa au uchovu. Ulinganisho huo haufai. Aliyepwewa hukatikiwa na sauti; Bi Kidude aliitawala yake, sauti iliyozoea kushindana na ngoma za unyago. Aliziimba pia nyimbo za Siti binti Saad, ambaye santuri zake za Bombay zilianza kurekodiwa mwaka 1928. Mhakiki anayesoma beti pekee hana namna ya kuwatofautisha wasanii hawa wawili katika wimbo mmoja.

Neno "mkwaruzo" linastahili kuwa istilahi ya mtindo, si ya kasoro. Litenganishwe pia na "uzito": Bi Kidude alikuwa navyo vyote viwili, ilhali waimbaji wengi wa dansi wana uzito usio na mkwaruzo.