Heko kwa Mafundi wa Miaka ya Vita

Juni 1941, vita vikiendelea, Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi. Kitambaa kikaadimika, ustadi haukuadimika. Mwaka 1942 wabunifu wa London, akiwamo Norman Hartnell, walibuni mavazi ya bei nafuu: mabega ya mraba, kiuno kilichobana, sketi ya kufika gotini, vifungo vichache, marinda machache. Karibu miaka 30 baadaye, Januari 1971, mbunifu Yves Saint Laurent aliyarejesha mabega ya enzi ile jukwaani Paris. Wakosoaji waling'aka, lakini mtindo ukaenea. Hadi leo koti la kike lenye mabega yaliyosimama lina alama ya mikono ya mafundi wale wa vita. Hongereni, mafundi! Mlipewa kidogo, mkakikata kwa heshima, mkatuachia umbo lisilochakaa.