Utani, Vichekesho na Sonona: Tukiitazama Kashojwa

Kwamba kicheko ni dawa ya huzuni ni kauli ipendwayo mno, nasi walimu wa fasihi tumeipokea bila kuipima. Lakini kicheko ni fani. Kina mtendaji, kina hadhira, na kina anayechekwa. Mhakiki asiyeuliza ni nani anayechekwa hajaanza kazi yake.

Kashojwa ni kijiji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, si mbali na Mbarara. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958. Humo Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana katika Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Aliyepoteza jamaa na shamba ni nadra kusema ana sonona. Atasema ana mawazo mengi. (Neno “sonona” ni zuri, ila bado linakaa zaidi kwenye vitabu kuliko vinywani.) Mtu huyo tumchekeshe vipi?

Fasihi yetu imetuachia urithi wa namna mbili. Wa kwanza ni utani. Kwa Wazaramo, Wanyamwezi na wengineo, mtani huingia msibani, humwigiza marehemu, huwasumbua wafiwa na hata kudai fedha, na waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Nguvu ya fani hii haimo katika mzaha wenyewe, maana mizaha mingi ya watani, tukisema kweli, ni chapwa. Imo katika mapatano: anayetania leo atataniwa siku ya msiba wake, wala haruhusiwi kukasirika. Tena mtani hakifichi kifo. Hukitaja mbele ya wote. Mfiwa hasahaulishwi msiba wake, bali huonyeshwa kwamba bado yumo katika jamii inayoweza kumgusa.

Urithi wa pili ni vichekesho vilivyochezwa shuleni zama za ukoloni, ambamo mshamba aliyefika mjini alichekwa kwa kutojua mambo ya kizungu. Humo hakuna zamu. Mshamba huchekwa mpaka mwisho, nayo hadhira hurudi nyumbani ikijiona bora. Mshamba wa leo amebadilishwa jina tu: ndiye mkimbizi asemaye “kura” akitaka “kula”. Darasa likimcheka, huyo mwenye mawazo mengi atanyamaza, na ukimya ndio hasa tunaouogopa.

Wala si kila kicheko ni furaha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Kagera wa leo, wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kiliwaenea wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakupata sumu wala vijidudu. Wasichana wale walicheka, wakalia, wengine wakakimbia ovyo. Hakuna aliyeponywa kwa kucheka huko.

Basi tusimdai mchekeshaji kazi ya mganga. Sonona ni maradhi, na mgonjwa aliyezidiwa apelekwe hospitali. Nakivale yenyewe ina mfano mwingine wa nguvu ya maneno: katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye maradhi ya kiwewe walishiriki, na washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe waliwasaidia baadhi yao kusimulia maisha yao kwa mpangilio. Nafuu ilionekana. Hiyo nayo ni fasihi simulizi, ingawa wataalamu hawakuiita hivyo.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu wa Mbarara aliyejifunza lugha hii vitabuni atakutana na mtoto wa Kashojwa aliyeinyonya Bukavu, na huenda mtoto ndiye atakayekuwa na la kuchekea. Mwalimu amruhusu, kisha naye achukue zamu yake.