Kizazi Moto: Mama Achokaye na Mungu Asiyechoka

Mfululizo wa filamu uitwao Kizazi Moto, uliotolewa Julai 2023 na kampuni ya Disney kwa njia ya intaneti, una jina la Kiswahili, lakini mazungumzo yake karibu yote ni ya Kiingereza. Hata jina lenyewe limepunguzwa. Msemaji wa Kiswahili angetazamia "kizazi cha moto". Akisikia "kizazi moto" hufikiri kwanza maji ya kuoga. Twataja jambo hili dogo kwa kuwa lilitufanya tuzitazame sehemu za kwanza kwa shaka. Ni filamu fupi kumi za katuni, kila moja ya dakika kama kumi, zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wasanii wake wametoka Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe, nao wanawaza Afrika ya siku zijazo: mashine, sayari za mbali, na mizimu iliyounganishwa na nyaya.

Ya kwanza, Herderboy, ni ya Raymond Malinga wa Uganda. Kijana anatamani kuwa mchungaji kamili wa ng'ombe, wa aina ile ambayo mwili wake umeunganishwa na mashine. Kiswahili kina neno moja tu kwa mchungaji wa zizi na mchungaji wa usharika, kwa hiyo msomaji wetu ataitazama kwa masikio mawili. Picha zinavutia. Walakini, katika hii na katika kadhaa zinazoifuata, mambo ya roho yanatumika kama umeme: yanaendesha mashine, yanamulika, yanarusha watu, wala hayamdai mtu kitu. Mukudzei inampeleka kijana mwenye majivuno katika Zimbabwe ambayo haikutawaliwa kamwe na wakoloni. Swali hilo ni zito mno kwa dakika kumi. Moremi, iliyojengwa juu ya simulizi la Wayoruba la mama aliyemtoa mwanawe kwa ajili ya watu wake, inatukaribia zaidi, nasi twaipendekeza kwa yeyote anayefundisha Mwanzo 22. Nyingine tunazipita.

Sehemu ya tisa, You Give Me Heart, ndiyo iliyoanza kutulainisha. Inawaza ulimwengu ambamo uungu hutafutwa kwa umaarufu na kwa wingi wa wafuasi. Ni kichekesho, nacho kinawachoma hata watumishi wa madhabahu wanaohesabu wafuasi wao kila jioni.

Kisha ikaja ya kumi, Enkai, ya Ng'endo Mukii wa Kenya, ambaye mwaka 2012 alitoa Yellow Fever, filamu fupi kuhusu wanawake na kujichubua ngozi. Enkai ni mtoto wa kike wa kiungu mwenye uwezo wa kuumba. Anagundua kwamba mama yake anaumaliza uhai wake mwenyewe akiilinda dunia na watu wake. Mwisho wake hatutausimulia.

Jina hilo si geni kwa wasomaji wetu. Jirani zetu Wamasai wa nyanda za chini humwita Mungu kwa jina hilohilo, na Walutheri miongoni mwao hulitumia katika ibada. Kwa sarufi yao ni jina la jinsia ya kike, na neno hilo ndilo pia mvua na mbingu. Yuko atakayekwazwa kulisikia likipewa mtoto katika katuni, na hatumlaumu. Isaya 40 inakana wazi kwamba Muumba huchoka. Lakini Yohana 4 inatuonyesha Yesu ameketi kisimani, amechoka kwa safari, akiomba maji. Naye Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alisisitiza kwamba Mungu hutambuliwa katika mateso na msalaba, wala si kwa kukisia utukufu wake. Filamu tisa za kwanza zinapenda utukufu. Hii ya kumi peke yake inathubutu kuuliza ulinzi wa dunia unamgharimu nani. Tofauti na Injili ibaki wazi: mama huyu anapungua bila kupenda, Kristo alijitoa kwa hiari. Hata hivyo, mwanafunzi wa theolojia aliyekariri maneno "theolojia ya msalaba" kwa ajili ya mtihani atapata hapa jambo la kuyajaribia.

Huko Shighatini, katika milima ya Upare Kaskazini, tuliitazama na vijana wa kipaimara katika kompyuta moja ndogo. Mmoja aliuliza: mama huyo akiisha, mvua itatoka wapi? Wenzake hawakucheka. Ni watoto wa nchi ya ndiva; wanajua kwamba bwawa la kumwagilia lisipoitiwa msaragambo hujaa tope, wala hatokei mungu mwenye jembe. Hapa ndipo tunapoidai filamu zaidi ya ilivyotoa. Jicho lake liko kwa mama na mtoto, na wale wanaookolewa hawapewi kazi.

Deni hilo ni letu pia. Wazee wa Upare waliitunza misitu ya mpungi ya koo zao kwa hofu: hakuna aliyethubutu kukata mti humo. Mahubiri yetu yaliiondoa hofu hiyo, wala hatuombi irudi. Ila iliyoondolewa ilikuwa ikilinda chemchemi, na katika mafundisho ya kipaimara tuliyonayo mezani ni kurasa chache mno zinazomweleza kijana kwa nini aliyebatizwa asiukate mti ule. Kipengele cha kwanza cha Imani kinahubiriwa kama habari ya mwanzo wa dunia tu, jambo lililokwisha.

Mchungaji mwenye nafasi ya kuonyesha sehemu moja pekee na aonyeshe ya kumi, kisha awapeleke vijana kwenye ndiva iliyo jirani, na majembe.