Rekebisho, Nyongeza au Badiliko? Istilahi za Katiba ya Marekani

Mijadala ya Katiba ya Marekani huelezwa kwa Kiswahili kwa maneno manne yanayopokezana bila utaratibu: marekebisho, nyongeza, mabadiliko na mageuzi. Twaona kuwa jambo hili si la ladha ya mfasiri tu, kwani hupotosha habari yenyewe.

Tuanze na rekebisho. Kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika au kilichopotoka. Neno lina hukumu ndani yake. Mwaka 1919 Wamarekani waliridhia sharti la kupiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo. Mwaka 1933 wakaridhia jingine la kulifuta. Tukiyaita yote mawili marekebisho, msomaji atauliza ni lipi lililotengeneza na lipi lililoharibu. Si kazi ya istilahi kuwaamulia wabishani.

Nyongeza yavutia zaidi. Mwaka 1789 James Madison alitaka maneno mapya yaingizwe ndani ya matini ya awali. Roger Sherman alishikilia kuwa yawekwe mwishoni, na rai yake ndiyo iliyoshinda. Ndiyo maana sharti la vileo lingali likichapishwa ingawa halina nguvu. Hata hivyo, katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, nyongeza ni jina la sehemu zinazofuata baada ya ibara za mwisho. Neno moja lisibebeshwe mizigo miwili katika fani moja.

Kwa hiyo twapendekeza badiliko. Ibara ya 98 ya Katiba hiyo yaeleza kuwa kubadilisha ni pamoja na kurekebisha, kusahihisha, na kufuta masharti na kuweka mengine badala yake. Ni neno pana lisilopendelea upande. Mageuzi yabaki kwa hoja za kuugeuza mfumo, kama ile ya kuondoa wajumbe wanaomchagua Rais kwa niaba ya wapiga kura.

Kosa kubwa zaidi limo katika vitenzi. Kusema kwamba Marekani “ilipitisha” usawa wa wanawake katika Katiba mwaka 1972 ni kupotosha: Kongresi ilipendekeza tu. Theluthi mbili ya kila chumba hupendekeza. Robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, huridhia. Muda ulipokwisha mwaka 1982, majimbo yaliyokuwa yameridhia ni 35, na maridhio matatu ya kati ya 2017 na 2020 yakazua ubishi wa kisheria. Mwanafunzi aliyepewa kitenzi kimoja kwa hatua mbili ataamini kuwa suala hilo lilikwisha zamani.

Vilevile, mkutano unaoweza kudaiwa na theluthi mbili ya majimbo usiitwe Bunge la Katiba. Kwa Ibara ya 5, kazi yake ni kupendekeza, na haujaitishwa hata mara moja. Wanaouhofia hukumbusha kuwa mkutano wa Philadelphia wa 1787 uliitwa kurekebisha mapatano ya awali, ukaandika katiba mpya. Kuuita Bunge ni kuwaunga mkono kabla hoja haijasikilizwa.

Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime maneno haya kazini mwao: badiliko, mageuzi, kupendekeza, kuridhia, mkutano wa katiba. Penye dosari, watuandikie.