Chanjo ya Asiyezaliwa Bado

Mchanjaji hodari wa mbuzi haanzi na sindano. Huanza kwa kumuuliza mwenye zizi: beberu alipanda lini? Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, na chanjo ya pepopunda na sumu ya utumbo hupigwa ikibaki kama wiki nne mama azae. Aliye mgeni kabisa wa chanjo huhitaji dozi mbili, kwa hiyo hesabu yake huanza mapema zaidi.

Hesabu hiyo ina sababu. Kondo la mbuzi halipitishi kinga kwenda kwa mtoto. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa tayari na kinga ya mama yake katika damu. Wa mbuzi huzaliwa mtupu. Urithi wake uko kwenye kiwele, ndani ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kinga hukusanyika humo katika wiki hizo za mwisho. Kwangu hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo: unamchoma mama shingoni ili umlinde mtoto ambaye hujamwona.

Tazama basi mikono ya mchanjaji. Mwenye mimba hafukuzwi wala haangushwi. Hushikwa taratibu akiwa amesimama, asubuhi kabla jua halijakolea. Chupa iliyotoka kwenye kasha la barafu hutikiswa, kwa kuwa dawa hutuama. (Ikiwa iliwahi kuganda, hutupwa, hata kama inauma kuitupa.) Ngozi huvutwa kwa vidole viwili, sindano ikapita chini yake bila kugusa nyama. Mbuzi hutikisa sikio, anaendelea kucheua.

Magonjwa yenyewe hayana huruma. Pepopunda hujificha udongoni, ikaingilia kitovu kibichi au kidonda cha kuhasiwa. Sumu ya utumbo hupenda watoto walionona, wanaonyonya kwa pupa. Jioni mtoto anaruka, asubuhi amekufa.

Mchanjaji ninayemheshimu haondoki kabla hajaagiza la mwisho. Mtoto akizaliwa, chuchu zikamuliwe kidogo zifunguke, anyonye saa hiyohiyo, kwa sababu utumbo wake huacha kuipokea kinga ndani ya siku moja. Akiwa dhaifu, anyweshwe kwa chupa: wa kilo 2 apate kama mililita 200 za dang'a siku hiyo ya kwanza, kidogo kidogo, usiku pia.